Injinia akienda kuswali, akili anaiacha wapi?

Juzi mchana ofisini injinia wetu mkubwa kakunja suruali, kachukua kopo lake la maji, katoka kwenda kuswali adhuhuri kama kila siku. Dogo mmoja aliyeajiriwa mwaka huu, kijana mzuri tu na kazi anaijua, akamsindikiza kwa macho halafu akasema, "Mtu ana digrii mbili za uhandisi na bado anaamini haya mambo, mi sielewi kabisa." Wenzake wakacheka. Mimi nilikasirika mpaka wali ukanishinda, na wala sio Muislamu, mimi Mkatoliki.

Kuuliza sio kosa. Kilichoniuma ni ile dhana kwamba imani ni mtihani wa sayansi ambao mtu kafeli, yaani unamwamini Mungu kwa sababu hujui mvua inanyeshaje, siku ukijua basi unaachana naye. Sasa Georges Lemaître tumuweke wapi? Padri wa Ubelgiji huyu, na ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, halafu 1931 akasema ulianza na kitu kimoja akakiita atomu ya mwanzo, ndio mwanzo wa hii habari ya Mlipuko Mkuu tunayofundishwa leo. Einstein mwanzoni alimkubalia hesabu lakini fizikia yake akaikataa. Kinachonigusa mimi ni cha mwaka 1951, Papa Pius wa 12 alipotoa hotuba akaielezea sayansi hiyo kama inathibitisha uumbaji. Ungedhani padri atashangilia, Papa mzima anaisifia kazi yako! Hakufurahia. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia yake haihusiki na dini, anayeamini na asiyeamini wote wanaipima kwa vipimo vilevile. Alisali na akapiga hesabu maisha yake yote, na hakuhitaji hesabu zimthibitishie sala. Mtu wa namna hiyo huwezi kuniambia imani yake ilikuwa ya kuziba pengo la elimu.

Na hayuko peke yake. Abdus Salam wa Pakistani alipopokea Nobel ya fizikia mwaka 1979 alinukuu Kurani kwenye hotuba yake kule Stockholm. Hapa jirani Kenya, Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani 2019, ni bruda Mfransisko.

Haya, dogo ana hoja kidogo, nitamkubalia japo sipendi. Wengi wetu tunaamini tulichozaliwa nacho, mimi ningezaliwa Pemba saa hizi ningekuwa nafunga Ramadhani. Na akili nyingi haimzuii mtu kutetea upuuzi, nimeona wasomi wakubwa wakinunua maji ya upako kwa hela ya ada ya watoto. Hilo linanihuzunisha sana na sitalitetea.

Lakini turudi kwa injinia. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na jengo ambalo mchoro unasema nondo za milimita 16, kontrakta kaleta za 12 na bahasha juu. Mzee alikagua, akagoma kusaini, wakamzungusha wiki nzima. Nikamuuliza kwani huogopi kazi? Akanijibu, "Hesabu inaniambia hiyo nguzo itabeba tani ngapi. Ikianguka sitaulizwa na hesabu." Alikuwa ametoka kutawadha, maji yanamchuruzika viwikoni, yakaacha alama kwenye kona ya mchoro, na ule mchoro bado tunao kabatini. Najua, wapo wasioamini chochote na hawaibi hata msumari, na wapo wenye sijda usoni wanaopokea bahasha. Ila kwa huyu mzee, hesabu na swala vinajibu maswali mawili tofauti, na yote mawili anayajibu kwa akili yake yote.

Mwaka juzi nilimzika mama. Kisukari kilimla figo, na daktari alinieleza vizuri kabisa, namba za vipimo, kwa nini kusafisha damu hakukusaidia, kila kitu, na nilimwelewa na nilimwamini neno kwa neno. Halafu nikasimama pembeni ya kaburi na udongo mkononi, vidole vimegoma kufunguka, na hakuna hata namba moja kati ya zile iliyonifaa. Watu wa jumuiya wakaanza kusali rozari, nikaitikia Salamu Maria bila kufikiri, vidole vikalegea. Sijui dogo angeniuliza nini pale. Injinia alikuwepo, kasimama nyuma yangu na kofia yake ya mkono kaishika kifuani, hakuitikia rozari na hakuondoka. Tulipomaliza alichota udongo akautia, akanishika bega akasema, "Pole mdogo wangu, sote ni wake na kwake tutarejea." Nikamwambia amina.