Dumu la Ulanzi Chini ya Meza ya Mtendaji

Katika kijiji chetu, kilichopo upande wa milimani wa wilaya ya Kilolo, mtu huchaguliwa kuwa katibu wa kamati kwa kosa moja kati ya mawili: ama amewahi kuonekana akiandika, ama hakuwapo siku ya uchaguzi. Mimi nilikuwa na makosa yote mawili. Mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa Januari 2025, wiki chache baada ya serikali mpya ya kijiji kuingia kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024, nilikuwa mjini Iringa nikitafuta mbolea ya kukuzia. Jioni niliposhuka kwenye basi lililotutoa Ipogolo, mama mmoja muuza viazi alinisalimu, “Kamwene, Katibu,” nami nikageuka nyuma nione ni katibu gani niliyesafiri naye bila kumfahamu.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa nyumba ya mganga wa zahanati. Nilijaribu kukataa kwa kusema kwamba mimi ni mgeni, mtu wa Rungwe niliyeoa hapa, lakini mwenyekiti wa kijiji alinijibu kwa upole kwamba mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kwamba hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kwamba kama sikuridhika ningeweza kuleta hoja yangu mwezi Aprili. Kufikia Aprili, aliongeza, boma litakuwa limefika kwenye lenta na hakutakuwa na haja ya kubadili katibu.

Msomaji asiyewahi kuishi kijijini huenda akadhani serikali ya kijiji ni mwenyekiti, mtendaji na muhuri. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, nao hugawanyika katika kamati za fedha na mipango, huduma za jamii, na ulinzi na usalama. Kisha chini yake huota kamati nyingine, ya maji, ya mazingira, ya shule, ya ujenzi, kama uyoga baada ya mvua. Katika watu wote hao, mwenye mshahara ni mtendaji peke yake. Sisi wengine hulipwa kwa makofi matatu ya pamoja mwishoni mwa mkutano, na mwenyekiti wetu ni mtu wa kubana matumizi, maana mara nyingi huomba makofi mawili.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Kwa utaratibu uliozoeleka kwetu, wananchi hupandisha boma kwa nguvu zao, kisha halmashauri ya wilaya huombwa isaidie mabati na umaliziaji, na wanaokuja kukagua hutaka kuona kwa maandishi nani amechangia nini. Mkutano ulikuwa umekubaliana kwamba kila kaya, na kaya zetu ni 212, ilete matofali ya kuchoma 40. Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu, alifurahi mno kusikia mkwe wake amekuwa katibu hata akanizawadia kalamu yake ya wino wa maji, ile aliyoitumia kusahihishia mitihani, nami nikaandika majina ya kaya zote kwa mwandiko wa kulala ambao watu walikuja kuutazama kama wanavyotazama mtoto mchanga. Nilianza na vitongoji vya mbali, nikamalizia na chetu, na jina langu, kwa adabu ya mwenye kushika kalamu, nikaliweka mwisho kabisa.

Tatizo letu halikuwa matofali bali akidi. Kamati ilikuwa na wajumbe 10, na kwa wiki nne mfululizo tulihudhuria vikao vyetu mimi, mwenyekiti wa kamati na mbwa wa mwenyekiti wa kamati. Wajumbe walikuwa na sababu zao za haki: mmoja alikuwa akipalilia, mwingine alikuwa na msiba, wa tatu alisema waziwazi kwamba hawezi kukalia benchi la baridi saa tatu nzima kwa chai ya kufikirika. Ndipo mjumbe mmoja ambaye ni mgema alipoleta hoja iliyookoa kamati na hatimaye kuiangamiza. Ulikuwa msimu wa mvua, yaani msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, wakati ambapo mianzi michanga hukatwa ncha asubuhi na jioni na utomvu wake kutiririkia ndani ya mbeta, vyombo vya kukingia vya mwanzi. Alisema angeleta dumu moja la ulanzi mtamu, uliogemwa alfajiri hiyohiyo, litakalofunguliwa pale tu ajenda ya mwisho itakapofungwa. Kikao kilichofuata kilihudhuriwa na wajumbe 10 wa kamati yetu na 4 wa kamati ya maji waliodai kuwa wamepotea njia.

Basi mwezi Machi tukaarifiwa kwamba mhandisi kutoka wilayani na afisa maendeleo wa kata wangefika kukagua boma na kumbukumbu zake. Kwa kuwa akidi siku hiyo ilikuwa jambo la heshima ya kijiji, mgema alileta dumu la lita 20 saa kumi na mbili asubuhi, likiwa limezibwa kwa gunzi la mahindi. Nililitazama lile gunzi, nikaona linamwagia ulanzi pembeni na kuifanya ofisi inuke kilabu. Nikalitoa, nikatafuta mfuniko wa dumu wenyewe, nikaukaza kwa mikono miwili, nikalisukuma dumu chini ya meza ya mtendaji na kulifunika kwa sweta langu lisionekane na wageni. Mama mmoja, mjumbe wa kamati, alikuwa akifagia ofisi akaniona.

“Shemeji,” akasema, “ulanzi haufungwi kizibo. Unapumua.”

Nilimshukuru kwa ushauri wake. Moyoni nilijiambia kwamba kwetu Rungwe tumekunywa kimpumu tangu enzi na enzi na hakuna aliyewahi kutuambia habari za mapafu ya pombe.

Wageni walichelewa kwa sababu barabara ilikuwa tope. Ukungu ulikuwa umetanda, baridi ilikuwa ya kuuma vidole, na mtendaji, ambaye ni mtu wa Pwani na huvaa koti hata mwezi Desemba, aliwasha jiko la mkaa akaliweka chini ya meza ili apashe miguu moto. Kwa hiyo kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana, ulanzi ambao hata kwenye kivuli huchacha wenyewe kabla ya jioni ulikaa ndani ya dumu lililokazwa, umevikwa sweta la sufu, shubiri moja kutoka kwenye mkaa.

Wageni walipoingia kila kitu kilikwenda kwa heshima kubwa. Wajumbe wote walikuwapo. Mhandisi, kijana aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa, aliketi kwenye kiti cha mtendaji, akaomba daftari, nami nikalifungua mbele yake katikati ya meza. Aliufuata mwandiko wangu kwa kidole, akasema kwamba hajawahi kuona kumbukumbu safi kama zile katika wilaya nzima. Nilitaka kujibu kwa unyenyekevu, lakini wakati huohuo kitu kilianza kufoka chini ya meza kwa sauti nyembamba na ndefu.

“Katibu,” mhandisi akauliza huku akiinua miguu, “humu ndani kuna nyoka?”

Nilimhakikishia kwamba hakuna, nikainama, nikalivuta dumu. Halikuwa tena dumu bali mpira. Lilikuwa limevimba pande zote nne na haliwezi hata kusimama. Kwa akili yangu ya wakati ule niliona kwamba likipunguziwa pumzi kidogo tu litatulia, na kwa kuwa sakafuni palikuwa na jiko, nililipandisha juu ya meza, kando ya daftari, nikaulegeza mfuniko robo mzunguko.

Mlio wake ulisikika hadi shuleni. Mfuniko uligonga bati, na nyuma yake ukafuata ulanzi, mweupe, wa moto, wenye povu, ukapanda hadi darini kisha ukashuka juu yetu bila upendeleo wa vyeo. Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, mwalikwa wetu wa siku hiyo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka, naye alitokea dirishani. Shati la mhandisi lilibadilika rangi na kushikamana na mwili, afisa maendeleo alikuwa akijifuta macho kwa nakala ya ajenda, na mgema alikuwa ameinua kikombe chake hewani, akikinga. Nilipogeukia meza, daftari lilikuwa likielea. Wino wa baba mkwe ulikuwa unatiririka kutoka kila mstari, vitongoji vitano vikichanganyika kuwa ziwa moja la buluu.

Katika muhtasari wa kikao hicho niliandika kwamba ajenda ya tatu iliahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa kamati. Mhandisi, kwa uungwana wake, alisema tu kwamba angerudi tukishapata kumbukumbu nyingine, akapanda pikipiki yake akiwa ananukia kilabu kizima, na sijui alieleza nini nyumbani kwake.

Kumbukumbu nyingine zingepatikana kwa njia moja tu, nayo ilikuwa kuwauliza wenyewe. Mkutano mkuu wa Aprili uliitwa kwa mbiu na haikuhitajika kubembeleza mtu, kwa kuwa habari kwamba madeni yamefutika ilikuwa imekwisha kufika hadi kwa wenyeji wetu wanaofanya kazi kwenye misitu ya Mufindi. Niliketi na daftari jipya na kalamu ya kawaida, nikaita kaya moja baada ya nyingine. Kila kaya ilikuwa imeleta matofali yote 40. Wengine walikumbuka kwamba walizidisha. Mzee mmoja, ambaye kila mtu anajua kwamba hana tanuri wala punda, alisema aliyaleta usiku kwa kuwa hapendi kujionyesha. Nilipojumlisha, nilipata matofali 8,900. Fundi, aliyekuwa ameyahesabu yaliyo ukutani na yaliyo kwenye rundo, alisimama akasema yeye ameona 5,100.

Mwenyekiti akauliza matofali 3,800 yamekwenda wapi. Mtu wa nyuma akasema yameibwa, na hapo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama akanyanyuka kwa hasira akidai kwamba ikiwa matofali 3,800 yanaweza kupita usiku mbele ya doria yake, basi kamati yake ivunjwe leo. Mkutano ukamjibu kwamba hiyo ni hoja nzuri, na ikachukua nusu saa kumtuliza. Mwingine akasema yaliyeyuka kwa mvua. Wa tatu akapendekeza mwenye kosa atafutwe, naye ni aliyefunga dumu. Nilijitetea kwa kukumbusha kwamba mjumbe hauawi, lakini baba mkwe akanong'ona kwamba mimi si mjumbe, ni katibu.

Ndipo yule mama wa kamati alipoomba lile daftari lililoharibika liletwe. Alikuwa ameliweka juu ya uchaga jikoni kwake mwezi mzima, nalo lilikuwa limekauka na kukakamaa kama kipande cha ngozi. Akasema hebu litazamwe kwenye mwanga, huenda kukabaki hata neno moja. Binti wa kidato cha pili akaitwa mbele, akafunua kurasa moja moja, zote buluu tupu, mpaka akafika ukurasa wa mwisho.

“Hapa kuna mstari mmoja unasomeka,” akasema. “Umeandikwa kwa penseli.”

Nilikuwa nimesahau. Jina langu sikuliandika kwa wino, maana nilikusudia kulifuta na kuliandika upya kwa heshima siku nitakapoleta matofali yangu.

Binti akasoma kwa sauti ya darasani, akituliza pumzi kila penye nukta: “Katibu wa kamati. Matofali aliyoleta: sifuri. Maelezo: ataleta baada ya mavuno.”

Kesho yake, Jumamosi, nilibeba matofali 40 kichwani kutoka kwenye tanuri la jirani, manne kila safari, tope likinifika magotini, huku nusu ya kijiji ikiwa imeketi ukingoni mwa barabara kama watu wanaongoja gwaride. Mama yule alikuwa amekalia ndoo kando ya boma, daftari jipya mapajani na penseli sikioni. Niliposhusha mzigo wa kumi na kunyoosha mgongo, alihesabu mistari yake kwa kidole, taratibu, akarudia.

“Shemeji,” akasema, “bado manne. Ile safari ya tatu mimi sikuiona.”