Kanuni ya gesi na mtungi wa jikoni

Chukua mtungi wa kilo 15 uliojaa, kama ile inayobebwa na bodaboda kila siku kuanzia Kariakoo hadi Mbagala. Ujazo wake ni lita 35 hivi. Mwanafunzi akichukulia kwamba ndani kuna propani tupu (moja ya gesi za kupikia), akatumia kanuni ya gesi kamilifu, ile inayounganisha presha, ujazo, joto na kiasi cha gesi, kwa joto la nyuzi 30, atapata presha ya karibu bari 245 (bari moja ni karibu presha ya hewa inayotuzunguka). Presha halisi haifiki bari 11. Kanuni imekosea zaidi ya mara ishirini, tena kwa kitu kilichopo jikoni kwao.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kanuni hiyo isitangulie darasani. Inadai molekuli hazina ukubwa wala hazivutani. Kumbe ndani ya mtungi zimevutana mpaka sehemu kubwa imekuwa maji, yaani kimiminika, na mvuke uliobaki juu ndio unaosukuma valvu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini nenda kwa fundi wa matairi. Kwenye bari mbili au tatu za hewa, kanuni ileile hukosea chini ya asilimia moja, na haiulizi ni gesi gani. Mwaka 1873 Johannes van der Waals alirekebisha kasoro zake kwa kuongeza namba mbili, moja ya mvutano na moja ya ukubwa wa molekuli. Ila kila gesi ina namba zake, na hata hapo jibu ni la kukadiria. Kumwanzishia mtoto wa kidato cha tatu huko ni kumchosha kabla hajaona uzuri wa jambo lenyewe.

Mimi naitetea kanuni, ila sikubali ifundishwe bila mipaka yake, na mipaka hiyo tunaiona barabarani. Bajaji inayotumia gesi asilia hujazwa hadi bari 200 hivi. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo joto lake likipanda juu ya nyuzi 82 chini ya sifuri haiwi maji hata uibane vipi. Kwa propani mpaka huo ni nyuzi 97 juu ya sifuri. Tofauti hiyo moja ndiyo inayofanya mtungi wa bajaji uwe mnene na mzito, na wa jikoni uwe mwepesi. Tena kwa bari 200 methani huvutana kiasi kwamba mtungi hubeba gesi karibu asilimia 20 zaidi ya ile kanuni inavyosema. Hapa kosa lina faida kwa dereva.

Jikoni ni kinyume. Maadamu maji yamo, presha hupungua kidogo sana, hivyo geji, yaani kipimo cha presha, haikuambii gesi imebaki kiasi gani. Anayetaka kujua aupandishe mtungi kwenye mizani, atoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa shingoni.