Mhalifu Haogopi Miaka, Anaogopa Kukamatwa

Mwezi Machi mwaka 2000, mwanamume mmoja alitoka katika duka la uwanja wa gofu huko El Segundo, California, akichechemea. Mfanyakazi wa duka akamtilia shaka, akapiga simu polisi. Walipompekua walimkuta ameficha fimbo tatu za gofu ndani ya mguu wa suruali, kila moja ya dola 399. Alishawahi kutiwa hatiani kwa kuvunja nyumba na kwa unyang'anyi, hivyo ikamwangukia sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1994, ile inayoitwa ya makosa matatu, inayompa kifungo kirefu sana anayetiwa hatiani kwa mara ya tatu. Akapigwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2003 majaji watano kati ya tisa wakasema adhabu hiyo haivunji katiba.

Watu wengi wakiisikia kesi hii hubishana kama adhabu ilizidi. Mimi kinachonisumbua ni kingine. Siku ile mtu huyo alikuwa nje kwa masharti, akitokea kwenye kifungo cha miaka tisa. Sheria ya makosa matatu ilikuwa imeshatumika kwa miaka sita. Kama yupo mtu aliyepaswa kutetemeka kwa kuufikiria urefu wa kifungo, ni yeye: jela anaijua, na rekodi yake anaijua. Bado aliiba. Na kilichomkwamisha ni jicho la mfanyakazi wa duka.

Ninachokiamini, na ninakisema bila kuuma maneno, ni kwamba kurefusha vifungo hakupunguzi uhalifu kwa kiasi kinacholingana na fedha zinazoteketea, na kwamba wanaotuuzia miaka wanatunyima kitu ambacho kingetulinda kweli.

Tuanze na anayevunja nyumba usiku. Huyu hakai mezani kulinganisha miaka saba na kumi na minne. Wengi hata hawajui sheria inasema miaka mingapi. Anachopima ni kama kuna mbwa, kama taa inawaka, kama jirani yuko macho. Na akipima hivyo hakosei sana, maana kwa takwimu za FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, za mwaka 2019, kati ya matukio ya kuvunja nyumba yaliyoripotiwa polisi Marekani, ni asilimia 14.1 tu yaliyopatiwa ufumbuzi. Hiyo ni kama nyumba moja kati ya saba. Siku za mwizi ni arobaini, tunaambiana, lakini mwizi wa namna hii anaweza kuzihesabu hizo arobaini akaanza upya. Ukiongeza adhabu mara mbili, umemwongezea yule mmoja aliyenaswa. Kazi ya wengine sita haijaguswa, na wao ndio wanaowatia majirani hofu.

Kuna uchunguzi mmoja uliofanywa Florida ambao naupenda kwa sababu ni mwepesi kuuelewa. Kijana akitimiza miaka 18, usiku mmoja tu, anahama kutoka mahakama za watoto kwenda za watu wazima, na adhabu inayomsubiri inapanda ghafla. Kama ukali wa adhabu ungekuwa na nguvu tunayodhani, makosa yangeporomoka kuanzia siku ile ya kuzaliwa. Wachumi wawili, Lee na McCrary, waliangalia rekodi za kukamatwa, wakakuta mteremko mdogo sana, wa takriban asilimia mbili.

Mtu anaweza kusema vijana ni vijana, hawafikiri. Sawa. Lakini hao hao ndio wafanyao sehemu kubwa ya uhalifu. Makosa hupanda kwa kasi katika ujana, yakafika kileleni mwishoni mwa utineja na mwanzoni mwa miaka ya ishirini, halafu yakaanza kushuka. Maana yake anayefungwa miaka 30 akiwa na umri wa miaka 25 atakuwa ndani akiwa na 45, 50, 55, umri ambao wengi wa wenzake walishaacha mambo hayo bila kulazimishwa na mtu. Miaka hiyo ya mwisho hainunui usalama wowote wa maana, na ndiyo ghali kuliko yote, kwa kuwa mwili wa mfungwa nao unazeeka. Ana sukari, figo zinachoka, anahitaji kiti cha magurudumu, na kila anapopelekwa hospitali lazima askari wamsindikize na kukaa naye wodini. Mwaka 2021 magereza ya serikali ya shirikisho ya Marekani yalitumia zaidi ya dola 43,000 kwa mfungwa mmoja. Zidisha kwa miaka 25: umevuka dola milioni moja. Rudi sasa kwenye zile fimbo tatu za gofu. Wapiga kura wa California wenyewe waliliona hili, na mwaka 2012 karibu asilimia 70 yao waliirekebisha sheria ili kosa la tatu liwe kubwa au la kutumia nguvu.

Nchi nzima ya Marekani ilifanya jaribio la aina hii kwa miongo minne. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wafungwa katika magereza ya majimbo na ya shirikisho walikuwa kama 200,000. Kufikia mwaka 2009 walikuwa takriban milioni 1.5. Baraza la Taifa la Utafiti la huko lilipopitia ushahidi wote na kutoa ripoti mwaka 2014, lilisema kwamba kurefusha vifungo ambavyo tayari ni virefu kunatisha kidogo mno, na kwamba uhakika wa kukamatwa una uzito zaidi.

Sitaki kudanganya kwamba urefu wa kifungo hauna athari kabisa. Italia mwaka 2006 iliwaachia wafungwa zaidi ya 20,000 kwa msamaha wa pamoja, kwa sharti moja: ukirudia kosa ndani ya miaka mitano, miezi uliyosamehewa unarudishiwa juu ya adhabu mpya. Kila aliyeachiwa alikuwa na idadi yake ya miezi. Watafiti waliowafuatilia waliona kwamba waliobakiwa na miezi mingi walirudia makosa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo tishio linafanya kazi. Ila angalia ni tishio la namna gani. Watu hawa walikuwa wametoka jela juzi, kila mmoja anajua deni lake kwa mwezi, na polisi wana majina yao yote. Mvunja nyumba wa usiku hana deni linalojulikana na hana anayemtafuta.

Adhabu kali ina hila nyingine ambayo wanasiasa hawaitaji: inawafanya watu waogope kuitoa. Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 18 ilikuwa na makosa kama 200 yenye adhabu ya kifo, likiwemo kuiba ndani ya nyumba mali ya shilingi 40 au zaidi. Baraza la wazee wa mahakama wakikaa kumsikiliza mtumishi aliyeiba, walikuwa wanatamka kwa kiapo kwamba mali ile, hata kama kila mtu anaona thamani yake, ni ya shilingi 39. Mshtakiwa anapona kitanzi. Wengine walimwachia huru kabisa mtu waliyejua ameiba. Ilifika mahali mwaka 1830 wenye benki waliliomba bunge liondoe adhabu ya kifo kwa kughushi, kwa sababu walioibiwa hawakutaka kushtaki na wazee wa mahakama hawakutaka kutia hatiani. Wahanga ndio waliokwenda kuomba adhabu ipunguzwe, ili angalau iwepo.

Siku hizi ukisema haya utajibiwa El Salvador. Ni hoja nzito na sitaikwepa. Tangu Machi 2022 nchi ile imekamata watu zaidi ya 80,000 chini ya hali ya dharura, na mauaji yameshuka hadi kiwango ambacho wananchi wake hawakuwahi kukiota. Watu waliokuwa wanalipa kodi kwa magenge sasa wanalala. Lakini kilichobadilika mitaani kilikuwa kukamatwa. Wengi wa waliokamatwa wamekaa ndani muda mrefu bila hukumu yoyote, hivyo huwezi kuusifu urefu wa hukumu ambayo haijatolewa. Mauaji yalikuwa yameshaanza kuporomoka tangu mwaka 2015. Na wapo wasio na hatia waliozolewa humo. Serikali yenyewe imewaachia maelfu. Sioni haki katika kumfunga mama wa mtu ili takwimu ipendeze, na sitaacha kulisema hilo hata kama takwimu ni nzuri kiasi gani.

Wapo pia watu ambao wakitoka wataua tena. Hao wakae ndani kwa muda wote ambao hatari ipo. Norway, ambako kifungo cha kawaida cha juu kabisa ni miaka 21 kwa makosa karibu yote, ina utaratibu wa kumwongezea muda mfungwa ambaye bado ni tishio, baada ya mahakama kumwangalia upya. Hilo naliunga mkono. Ninachokataa ni kumfanyia kila mwizi hesabu ya muuaji.

Kinachoniumiza zaidi ni kusikia kwamba anayepinga vifungo virefu hawajali waliodhulumiwa. Mwaka 2009, katika ghala la polisi la Detroit, ilikutwa shehena ya zaidi ya vifurushi 11,000 vya ushahidi wa ubakaji ambavyo havijapimwa. Kila kifurushi ni mtu aliyekwenda hospitali akiwa na maumivu, akavua nguo, akakaa saa kadhaa akichukuliwa sampuli mwilini, akiamini kuna anayemtafuta aliyemfanyia unyama ule. Hakuna aliyekuwa anatafuta. Vilipoanza kupimwa, watuhumiwa zaidi ya 800 walihusishwa na matukio zaidi ya moja, yaani waliendelea kubaka wakati ushahidi dhidi yao umerundikwa kwenye maboksi.

Sheria ya Michigan ilikuwa inaruhusu kifungo cha maisha kwa ubakaji wa daraja la kwanza muda wote huo. Kupima kifurushi kimoja kulikadiriwa kugharimu kati ya dola 1,000 na 1,500. Gharama ya mwaka mmoja wa mfungwa mmoja wa shirikisho ingepima vifurushi karibu thelathini, hata kwa bei ya juu. Mbunge anayepeleka muswada wa kuongeza miaka apeleke na hesabu ya pili pembeni: fedha hizo hizo zingeajiri wapelelezi wangapi na kupima sampuli ngapi. Bunge lizione hesabu zote mbili kabla ya kupiga kura, na waliobakwa na kuibiwa waitwe kuulizwa wangechagua ipi.