Mchana Mwiko, Usiku Ruksa

Kuna waraka wa ndani umebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi moja ya umma hapa Tabora. Ofisi siitaji, wanaoijua wanaijua. Waraka una mambo matatu. Kila mtumishi asaini daftari la mahudhurio saa 1:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Kompyuta mpakato ya ofisi isivuke geti. Na "tabia iliyozuka ya kufanyia kazi nyumbani" ikome mara moja. Mhuri upo, saini ipo, kumbukumbu namba ipo. Safi.

Siku ileile, saa 3:40 usiku, grupu la WhatsApp la idara likalia: "Wapendwa, taarifa ya robo mwaka inatakiwa mkoani kesho saa 2 asubuhi. Kila mmoja ajaze eneo lake usiku huu." Ajazie wapi? Ofisi imefungwa, laptopu imelala kabatini kwa amri ya waraka, na mlinzi hana ufunguo zaidi ya ule wa geti. Lakini asubuhi taarifa ilikuwa mkoani. Ilijazwa kwenye simu za watu, kwa bando la watu, kwenye makochi ya watu.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kazi za ofisi nyumbani zimekatazwa. Kilichokatazwa ni kuzifanya mchana, kwa kibali, kwa kifaa cha ofisi. Usiku, bila kibali, kwa kifaa chako mwenyewe, ruksa mpaka kuche.

Muulizeni mhasibu yeyote wa halmashauri habari za wiki ya mwisho ya Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila idara imekumbuka madeni yake siku hiyohiyo, na nchi nzima imeingia MUSE, mfumo wa malipo ya Serikali, kwa mpigo. Mchana ukurasa unazunguka tu. Unaingiza hati ya malipo, unaambatisha vielelezo, unabonyeza kutuma, mfumo unakutupa nje, unaanza moja. Usiku mkubwa ndipo unapata nafasi ya kupumua. Na malipo hayaendi kwa mkono mmoja: yupo anayeandaa, yupo anayehakiki, yupo anayeidhinisha, kila mtu na akaunti yake. Aliyeandaa akimaliza saa 6 usiku inabidi ampigie wa pili aamke. Wa pili akimaliza amwamshe wa tatu. Mmoja yuko Isevya, mwingine Ipuli, mwingine Cheyo, wote macho makavu kama bundi. Mmoja wao akiwa ameishiwa bando, wawili wanamchangia. Saa 1:30 asubuhi wote watatu wawe wamesaini daftari, na asiyesaini ni mtoro.

Wa mipango naye ana PlanRep yake, mfumo wa mipango na bajeti, msimu wa bajeti: ukomo wa fedha unabadilika jioni, bajeti mpya inatakiwa asubuhi. Wa manunuzi ana NeST, mfumo wa manunuzi ya umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na wajumbe wa kamati ya tathmini ambao mchana wako kwenye vikao vingine.

Ukiomba posho ya kazi za ziada kwa usiku huo, unaulizwa ushahidi kwamba ulikuwa ofisini. Hukuwepo. Ulikuwa kwako, mahali ulipokatazwa kufanyia kazi.

Hapa nchini kuna mtumishi anayepeleka kazi nyumbani tangu enzi na hakuna aliyewahi kumbandikia waraka: mwalimu. Chukua mwalimu mwenye mikondo miwili ya wanafunzi 60. Hayo ni madaftari 120. Mpe dakika 3 kwa kila daftari, tena zile za haraka, za kupiga vema na kuandika "Jitahidi". Ni dakika 360, saa 6 kamili, kwa zoezi moja la somo moja. Saa 6 hizo hazimo kwenye ratiba ya shule. Madaftari yanafungwa kwenye kiroba, yanapanda bodaboda, yanasahihishwa mezani kwa mwalimu baada ya ugali. Sijasikia mkuu wa shule aliyesimama getini kuyazuia. Kumbe inawezekana.

Kinachonikera hasa ni kwamba kipimo cha kazi isiyohitaji kuchungwa tunacho. Tulikuwa na OPRAS tangu 2004, fomu za kupima utendaji wa mtumishi, makaratasi ambayo kila mtu aliyajaza mwisho wa mwaka kwa kunakili ya mwaka uliopita. Ikaja PEPMIS, kipimo kilekile lakini cha mtandaoni. Mtumishi anaingia ESS, ukurasa wake binafsi wa utumishi mtandaoni, anaweka majukumu yake, anayagawa katika kazi ndogondogo, anaripoti utekelezaji, msimamizi anaidhinisha na kutoa alama. Mfumo wote huo haukuulizi ulikaa kiti gani. Unakuuliza umefanya nini.

Sasa kinachoharibika, na kila mtu anakijua: jukumu linaandikwa kwa mapana mno. "Kutekeleza shughuli za ofisi." Hilo halipimiki hata ukae ofisini mwaka mzima bila kwenda msalani. Andika "Kufanya usuluhishi wa kibenki wa akaunti 3 za Machi", yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa za benki, au "Kujibu hoja 4 za ukaguzi pamoja na vielelezo". Linahesabika, na msimamizi akifungua anaona limeisha au halijaisha. Tatizo la pili ni msimamizi asiyefungua. Kazi zinarundikana wiki tatu, nne, kisha anaziidhinisha zote usiku mmoja, akiwa nyumbani kwake bila shaka. Huyohuyo ndiye anayesema bila daftari la mahudhurio hatajua nani anafanya kazi.

Na daftari lenyewe! Mtu anasaini saa 1:30, anatundika koti kwenye kiti, anawasha kompyuta, anaacha miwani juu ya faili lililofunguliwa, anakwenda kufungua duka lake Gongoni. Mkuu akichungulia: "Yupo, katoka kidogo." Koti linalipwa mshahara.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo ambao ukiwaambia Jumatano wafanyie nyumbani, Jumatano hiyo utawakuta Urambo kwenye tumbaku. Wapo. Ni walewale wenye makoti. Na wapo ambao kazi yao haitoki ilipo hata tufanyeje: nesi wa zamu pale hospitali ya Kitete, afisa ugani, anayekaa dirishani kupokea wananchi. Mtendaji wa kijiji simtaji, maana vijiji vingine ofisi ndiyo sebule yake.

Wengine wanarusha mfano wa Marekani, kwamba Trump siku anaapishwa, 20 Januari 2025, aliagiza watumishi wa Serikali Kuu warudi ofisini muda wote. Kweli aliagiza. Ila wale wana sheria ya kufanya kazi kwa mbali tangu 2010, wenye ruhusa walikuwa na makubaliano ya maandishi na wakubwa wao. Mtu anarudishwa kutoka mahali alipopelekwa. Sisi tunarudishwa kutoka wapi?

Mwishoni mwa Oktoba 2025 tulipelekwa. Usiku wa tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu, lilitoka tangazo kwamba kesho yake watumishi wa umma wafanyie kazi nyumbani, na intaneti ilikuwa imezimwa. Siku zile nchi ilikuwa na machungu makubwa kuliko haya ya ofisi, sitayachanganya na hoja yangu. Nasema tu kwamba yeyote anayedai Serikali haiwezi kutoa agizo la namna hiyo kwa usiku mmoja, ajue iliwezekana.

Ninayemfikiria zaidi ni mama anayenyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kwenda kunyonyesha. Sasa ofisi za Halmashauri ya Uyui ziko Isikizya, nje ya mji, na yeye kapanga Tabora mjini kwa sababu huko ndiko kwenye dada wa kumsaidia, kliniki na nyumba yenye maji. Asubiri gari mpaka lijae, lisimame kila kituo, afike, anyonyeshe, asubiri gari la kurudi. Saa 2 za sheria zimeishia barabarani. Mchana mmoja au miwili kwa wiki ya kuandika taarifa akiwa nyumbani haimgharimu mtu senti. Lakini hapana, asaini saa 9:30, maziwa yakimlowanisha blauzi.

Hoja ya siri za Serikali naiheshimu, ndiyo hoja pekee yenye mifupa. Jalada halitoki. Barua ikiingia masjala, chumba cha majalada, inapigwa mhuri wa tarehe, inasajiliwa, inatiwa kwenye jalada lake, inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, ndipo inapanda kwa mkuu kwa dokezo, maelezo mafupi ya maandishi. Ukibeba jalada nyumbani siku moja, siku hiyo mwenzako aliyeandikiwa "folio 23 yahusu" hana folio 23, na likipotea, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inakuhusu. Mji wenye Chuo cha Uhazili hauhitaji kufundishwa haya. Lakini wanaozuia laptopu yenye nywila isitoke getini ndio hao wanaorusha kwenye grupu la WhatsApp orodha yenye majina, cheki namba (namba za mtumishi kwenye mshahara) na akaunti za benki za watumishi 200, iingie kwenye simu ambazo watoto wanachezea gemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Someni.

Kwa walio na mkuu msikivu (wapo, msicheke), ombeni kwa dokezo, sio kwa mdomo. Maneno ya koridoni hayana folio. Omba siku moja kwa wiki, na isiwe Jumatatu ya vikao. Dokezo litaje tarehe na saa, kazi yenyewe kama ilivyo kwenye PEPMIS, namba ya mali iliyobandikwa kwenye laptopu, simu utakayopatikana, na kitu utakachokabidhi saa 9:30 alasiri pamoja na njia utakayokitumia, iwe Ofisi Mtandao (mfumo wa Serikali wa barua na majalada) au barua pepe ya Serikali. Usiandike "nitaendelea na majukumu". Nakala kwa afisa utumishi, iingie kwenye jalada lako binafsi.

Kazi ya kuchukua iwe ya utulivu: taarifa, usuluhishi wa benki, kusafisha takwimu, rasimu ya mpango wa manunuzi. Hoja za ukaguzi zinaonekana za nyumbani, lakini zina mtego. Umekaa, umeanza kuandika jibu zuri, unahitaji namba ya hati ya malipo, na hati iko stoo ya nyaraka. Siku imekufa. Skani vielelezo vyote siku moja kabla, kwa dpi 200 (kipimo cha ukali wa picha), nyeusi na nyeupe. Ukiacha mashine kwenye rangi na dpi 300, ukurasa mmoja unaweza kuvuka MB 1. Vielelezo 40 hivyo vinachelewa kupanda, na mfumo unaweza kuvikataa kwa uzito.

Jaribu mfumo wenyewe kabla. Mingine inafunguka popote, kama ESS; mingine inadai uwe kwenye mtandao wa ndani wa Serikali au TEHAMA wakufungulie njia ya kuingilia ukiwa nje. Mfumo unaotuma namba ya uthibitisho kwenye simu unaituma kwenye laini uliyosajili, pengine ile uliyoitupa. Hilo linarekebishwa ukiwa ofisini, halirekebishwi kwa kupiga simu saa 4 asubuhi.

Ukitumia mtandao wa simu, iambie kompyuta kwamba mtandao huo unapimwa ("metered" kwenye mipangilio), la sivyo Windows itaanza kujisasisha na bando la wiki litaisha kabla ya chai. Kikao cha video cha saa 1 kinaweza kula GB 1. Zima kamera, sauti inatosha, hakuna anayehitaji kuona pazia lako. Umeme ukikatika laptopu ina betri yake, kinachokufa ni ruta. Ruta nyingi zinatumia volti 12 na wati zipatazo 10, soma lebo yako. Betri ya volti 12 yenye Ah 7, zile za kengele za ulinzi, ina wati-saa 84. Usiifyonze kupita nusu, itakupa kama saa 4. Gharama ya umeme isikutishe: laptopu ya wati 65 hata ikifanya kazi saa 8 haizidi nusu uniti na kidogo.

Na kama ofisi yenu imeshahama kutoka daftari kwenda mashine ya alama za vidole, kibali kikishapitishwa kipeleke mwenyewe kwa TEHAMA wakuingize kama uko kazini nje ya ofisi. Mashine haisomi dokezo. Mwisho wa mwezi itakutoa mtoro, na ripoti hiyo inapanda kwa mkurugenzi ikiwa imechapwa vizuri kabisa, wakati kibali chako kimelala kwenye jalada masjala.