Mahari ya binti ni ya nani?

Wiki iliyopita nilikaa kikao cha mahari hapa Dodoma, upande wa binti, na mpaka leo sijatulia. Karatasi aliyosomewa mshenga ilikuwa na kila mtu: ng'ombe wa baba, mkaja wa mama, blanketi la babu, kitenge cha shangazi, hadi kurudisha ada ya chuo. Binti anayeolewa hakuwa na hata mstari mmoja. Nilipouliza, mzee mmoja akanijibu kwamba mahari ni ya wazazi, ndivyo ilivyo tangu enzi.

Si kweli. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya mwanamke. Kurani, sura ya Nisaa aya ya 4, inaamuru wanawake wapewe mahari yao. Mtu mwingine haruhusiwi kula humo mpaka mwenyewe aridhie. Waswahili wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana cha baba wakakiita kilemba, cha mama wakakiita mkaja. Mahari ikabaki ya bibi harusi. Sisi wa bara tumelichukua jina la haki yake, tukalibandika juu ya madai ya ukoo mzima, yeye tukamwacha nje.

Mtaniambia Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walitoa mifugo kabla ya neno hilo kufika huku. Haya, nakubali. Ng'ombe na mbuzi waligawanywa kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, mjomba naye akapata fungu lake. Lakini ng'ombe yule aliingia zizini, akazaa, na kaka wa binti akaja kuolea. Ndoa ikiyumba, mifugo iliweza kudaiwa, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kuketi na kupatanisha. Leo "ng'ombe" ni bei ya mnada wa Msalato inayotumwa kwa simu, na wiki haiishi imeshalipa madeni. Pesa hiyo haimfungi mtu yeyote.

Ile ada ndiyo iliyoniuma zaidi. Mzazi aliyeuza zabibu na alizeti ili mwanawe asome amefanya jambo kubwa, namheshimu. Lakini alimsomesha mtoto wake, hakumkopesha mkwe.

Tena Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haiharibiki kwa kuwa mila ya mahari haikutimizwa. Wangapi huku wanaishi bila cheti kwa sababu ya salio la mahari?

Mdogo wangu naye kachumbiwa, kikao ni baada ya mavuno. Nimemwomba baba mstari wa kwanza uwe wa binti: ataje mwenyewe anachotaka, iwe cherehani, mbuzi au kiwanja, na kiandikwe kwa jina lake. Baba anataka kwanza amsikilize mjomba. Nitakwenda kwa mjomba Jumapili.