Kumbe sikuwa peke yangu

Asante mwandishi kwa makala hii ya Marafiki, yaani Wakweka (Quakers), kundi la Wakristo waliofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Nimeisoma nikiwa hapa Tukuyu, na nilipofika pale uliposema kwamba hawaapi, nikaiweka simu mezani kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuwa shahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba la chai. Nikapewa Biblia niishike niape. Nikasema, mzee wangu, kweli nitaisema yote, ila kuapa hapana, maana Mathayo 5 inasema ndiyo yetu iwe ndiyo. Watu wakaanza kunong'ona, huyu ana la kuficha. Usiku mke wangu akaniuliza, "Baba, hiyo imani umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu.

Na huo ukimya wao kwenye ibada! Mimi nimelelewa Moraviani, kwaya naipenda mno. Lakini Mungu nimemsikia zaidi alfajiri, nimekaa kwenye kigoda jikoni, kuni zinashika moto polepole, ukungu bado umefunika Mlima Rungwe. Kumbe tangu enzi za mwanzilishi wao, George Fox, kule Uingereza, karne ya 17, kuna watu wanaketi hivyo pamoja, kimya, mpaka mmoja asukumwe na Roho kusema. Najua Marafiki wengi wa Kenya wana wachungaji na nyimbo kama sisi, nalo hilo ni jema.

Kama wapo huku Nyanda za Juu Kusini, jamani, nielekezeni. Hata kama ni Makete, nitakuja.