Dakika za Mwisho za The Last Exorcism: Pepo Alihitajika?

Filamu ya The Last Exorcism, iliyoongozwa na Daniel Stamm, ilitoka mwaka 2010, na hadi leo wanaoipenda wanabishana juu ya mwisho wake. Kuna wanaosema dakika zile za mwisho, moto ukiwaka usiku na watu waliovaa majoho wakimzunguka binti aliyelazwa madhabahuni, zimeiharibu kazi nzuri. Wengine wanasema bila dakika hizo isingekuwa filamu ya kutisha hata kidogo, ingebaki kisa cha familia yenye matatizo. Mimi niko na wale wa kwanza, ingawa wenzetu wana hoja mbili nzito. Nitaueleza mwisho wote, kwa hiyo ambaye hajaiona na anataka kuiona aishie hapa.

Cotton Marcus, anayeigizwa na Patrick Fabian, ni mchungaji wa Baton Rouge, Louisiana, aliyepanda mimbarini tangu akiwa mtoto. Imani imemtoka. Amekuwa akipunga mapepo kwa malipo huku akijua fika kwamba anaigiza, na baada ya kusoma habari za mtoto aliyekufa akifukuzwa pepo, anaamua kuuanika mchezo mzima mbele ya kamera. Anaandamana na Iris, anayeongoza upigaji picha, na Daniel mwenye kamera, hadi shambani kwa Louis Sweetzer, mgane mlevi ambaye mifugo yake inachinjwa usiku. Louis anaamini anayeichinja ni binti yake Nell, tena si kwa akili yake, bali kwa nguvu ya pepo. Tunachoona sisi ni kile tu ambacho kamera ya Daniel imenasa.

Nusu ya kwanza ni ya kiwango cha juu kabisa. Cotton anawaambia Iris na Daniel kwamba waumini wakishachangamka hawasikilizi tena kinachosemwa. Kisha anasimama kanisani na katikati ya mahubiri anapenyeza namna ya kupika mkate wa ndizi, kwa sauti ileile ya moto, na kanisa linaitikia kama kawaida. Kwa Sweetzer anaficha spika chumbani, anashika msalaba unaotoa moshi, anamkemea pepo, anapokea pesa zake. Kamera inatuonyesha maonyesho na mitambo yake kwa pamoja. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa maombezi Dar es Salaam au Nairobi, akamsikia mtumishi akimuuliza pepo kwenye kipaza sauti, "Unaitwa nani? Umetumwa na nani?", ataielewa sehemu hii upesi kuliko watazamaji wengi wa Ulaya.

Baada ya hapo mambo yanaharibika, lakini kila tukio linabaki na maelezo mawili. Nell ana mimba na aibu. Mama yake amekufa kwa saratani, na baba amemtenga na shule na marafiki. Iris anapompa buti zake, furaha inayomjaa usoni inatosha kutueleza jinsi alivyonyimwa ujana. Anapojipinda kinyumenyume ghalani tunashtuka, hasa kwa kuwa Ashley Bell, anayemwigiza Nell, alijipinda mwenyewe bila msaada wa kompyuta. Ila ni jambo ambalo mwili wa binadamu unaliweza. Hata pepo anapozungumzia ngono, analitaja tendo hilo kwa jina lililokosewa, kama mtoto aliyelisikia kwa mbali. Cotton analishika hilo kuwa ushahidi: huyu ni msichana aliyeumizwa, si kiumbe cha kuzimu. Wakati huo baba ameshamfunga binti kwa minyororo kitandani, na ameshika bunduki akisema asipoponywa atamuua.

Swali lililoulizwa hapa ni zito, na limewahi kuulizwa mahakamani. Mwaka 1976 nchini Ujerumani, Anneliese Michel, msichana wa miaka 23 aliyekuwa ametibiwa kifafa, alikufa kwa utapiamlo na upungufu wa maji baada ya vikao 67 vya kumfukuza mapepo. Vikao vingi vilirekodiwa kwenye kaseti. Mwaka 1978 wazazi wake na mapadri wawili walihukumiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Waliokuwa chumbani walikuwa na uhakika wanasikia mapepo. Madaktari waliona mgonjwa aliyeachwa bila tiba. Kwetu pia wapo wazazi wanaompeleka mtoto mwenye kifafa kwenye maombi na kumwachisha dawa. Ndiyo maana nilitaka filamu hii isimame na Nell hadi mwisho.

Haikusimama naye. Cotton na wenzake wanarudi shambani na kukuta mchungaji Manley, ambaye Louis alikuwa amemwondoa Nell kanisani kwake, akiongoza ibada ya kishetani. Louis mwenyewe amefungwa kamba. Nell anazaa kitu ambacho si mtoto, kinatupwa motoni, moto unalipuka. Maana yake Louis alikuwa sahihi! Pepo alikuwepo, na lile kanisa lilistahili kukimbiwa. Minyororo na bunduki, vilivyokuwa dhambi zake kubwa, vinageuka hatua za baba aliyeona mbali.

Watetezi wanajibu kwamba tulionywa. Nell alikuwa amechora paka aliyeuawa, Cotton mbele ya moto, mwanamke aliyekatwakatwa na mwanamume asiye na kichwa, na Iris na Daniel wanaishia vivyo hivyo. Ni kweli, mwisho haukuzuka tu. Lakini michoro inatabiri matukio. Haijibu nani alimuumiza Nell na nani angemwokoa. Na kama mpiga picha amekatwa kichwa, nani aliyeuhariri mkanda ule na kuutilia muziki? Walioingia sinema kutishwa nao hawakuridhika: filamu iliyogharimu takriban dola milioni 1.8 iliingiza zaidi ya milioni 60, lakini watazamaji waliohojiwa na CinemaScore, kampuni ya Marekani inayopima maoni ya watazamaji, waliipa D, alama ya chini. Mwendelezo wake wa mwaka 2013 uliacha kabisa mtindo wa mkanda uliookotwa, yaani filamu kutengenezwa kana kwamba ni picha halisi zilizokutwa baada ya matukio, na sishangai, kwa sababu hapakuwa tena na shaka ya kuficha nyuma ya kamera.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonigusa. Wanasema mwisho ule ni wa Cotton: tapeli aliyepoteza imani anashika msalaba, safari hii bila moshi wa bandia, anawaacha wenzake na kuuendea moto kwa ajili ya binti wa watu. Nakubali, ni tendo kubwa kuliko mahubiri yake yote. Lakini lingekuwa kubwa zaidi kama kile kiumbe kisingeonyeshwa, Cotton akaenda bila uthibitisho wowote, nasi tukabaki tukibishana kama moto ule ulikuwa wa kuzimu au wa wanadamu waovu tu.